Mimi, Sindano na Mtu wa Kwenye Simu

Rafiki yangu, jina lako silijui, lakini kama karatasi hizi zimefika mkononi mwako basi kuna mtu amekuamini. Huenda sasa hivi una kikopo cha makohozi ndani ya mfuko mweusi na unatafuta njia ya kupita usionekane. Kaa kwanza. Tuongee kama watu wa nyumba moja.

Mimi si mtu wa shule sana. Niliishia darasa la saba, halafu nikiwa mama mzima nikasoma masomo ya jioni kwenye ukumbi wa usharika wetu hapa Karatu, ndiko nilikookota Kiingereza changu kidogo. Kwa hiyo ukitaka kujua TB inafanya nini ndani ya mapafu, muulize daktari. Mimi nitakueleza inavyofanya ndani ya nyumba.

Niliugua mara mbili. Mara ya kwanza nilipewa vidonge vya miezi minane. Mwezi wa tano nikawa nimenenepa, kikohozi kimekwisha, gauni zangu zote zinabana. Nikasema Mungu ameniponya, sasa kwa nini niendelee kusimama kwenye lile dirisha la TB nyuma ya hospitali, watu wanipite wakiniangalia? Nikaacha. Sikumwambia mtu. Ukiwa unasoma hapa na wewe umeanza kunenepa, tafadhali rudia hiyo sentensi ya kuacha, halafu usifanye kama mimi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, mvua zikiwa zinaishia, nikatema damu kwenye beseni la kuoshea vyombo. Sista wa dirisha la TB alinipima, Juni ilipoanza akasoma majibu, akavua miwani. Sista huyu ni nesi tu, mama wa makamo kama mimi, lakini sote tulimwita Sista.

"Mama Rehema," akasema, "safari hii ni sindano kila siku, miezi miwili, Jumapili kwa Jumapili. Na vidonge juu yake. Halafu vidonge peke yake mpaka miezi minane itimie. Ukiacha tena, mimi kabatini sina dawa nyingine ya kukupa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Sista."

"Hujanielewa. Sema nimesema nini."

Nikasema. Nilipofika kwenye neno kabati akavaa miwani.

Mume wangu, Baba Rehema, ni dereva wa wageni. Juni wageni ndipo wanapojaa, yeye anaingia geti la Ngorongoro asubuhi na kuna wiki alikuwa halali nyumbani kabisa. Sikumlaumu kwa hilo. Kilichoniuma ni kingine. Jioni ya siku niliyopata majibu alikaa kwenye kiti, akazungusha funguo za gari kidoleni, akasema, "Nimeshawaambia majirani umekwenda Marangu kumuuguza mama yako."

"Nimekwenda lini?"

"Leo asubuhi."

"Na mimi niliyekaa hapa ni nani?"

Aliogopa watu wangesema ni UKIMWI, na mwenye kampuni angemwondoa kwenye gari. Nilikuwa nimepimwa, sina, karatasi ipo. Lakini karatasi huwezi kuibandika mlangoni.

Basi nikahamia chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tunawekea mahindi. Kina dirisha dogo, na hilo Sista alisema liwe wazi mchana kutwa, upepo upite. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na kitambaa cha magauni ya kwaya nimeshakikata, kimekunjwa juu ya meza, na sikuweza kukigusa, kwa sababu cherehani ina mlio na mtu aliye Marangu hashoni Karatu. Kikohozi nilikikohoa kwenye mto. Chakula, binti yangu Rehema, aliyekuwa kidato cha pili, alikiweka mlangoni, anagonga mara mbili, anarudi nyuma kama alivyoelekezwa. Sahani yangu ilikuwa na alama ya rangi ya kucha. Nafikiri aliweka yeye, sikumuuliza.

Mwili ukaanza kubadilika. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, hata machozi yakawa na rangi, kitambaa changu cheupe kikaniambia. Masikio yakawa yanalia kama nyuki baada ya sindano. Makalio yakawa magumu, nikawa nakaa upande mmoja wiki hii, upande mwingine wiki ijayo. Nilisali. Nilimaliza Zaburi, nikazianza tena. Lakini nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe ni rafiki: kuna saa mtu amesali, amemaliza, Mungu amesikia, na bado ni saa nne ya asubuhi.

Hapo ndipo ilipoingia simu. Mgeni mmoja wa kike alimwachia Baba Rehema simu yake ya zamani, ya kioo cha rangi, na yeye akanipa mimi ili anipigie. Kule chini Kreta, ndani ya Ngorongoro, mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo haikulia. Nikawa naifungua tu naiangalia. Ndani yake kulikuwa na game.

Rehema aliniambia mlangoni, "Mama, hilo ni game la kwenye TV. Wanacheza kwenye vibanda kule stendi. Hilo la simu wamelikatakata ndo likaenea humo."

Sijui hilo kubwa likoje. Hili langu lilikuwa na mtu mmoja, mdogo kama punje ya mchele, amevaa nguo nyeusi mpaka usoni. Anaingia kwenye jengo la watu. Kuna walinzi wenye kurunzi, wanakwenda, wanarudi. Mwanga ukimgusa, amekwisha. Kazi yake ni kupita bila kuonekana. Ukibonyeza namba tano anajibana ukutani kwenye giza. Ukibonyeza mbili anapanda juu, ananing'inia kwenye bomba kama popo, mlinzi anapita chini yake.

Mwanzoni niliona haya. Mama wa kanisa, nimeshika simu, namfundisha mtu kuingia kwenye majengo kama mwizi. Nikaweka sharti: simpigi mlinzi hata mmoja, ingawa kitufe cha kupiga kipo. Na sauti nilizima, kwa sababu nilikuwa Marangu. Nikawa namwongoza tu, pole pole, giza mpaka giza. Kila alipopita salama mimi nilitoa pumzi. Siku zikaanza kuwa na kitu ndani yake.

Kwenda kuchoma sindano nilikuwa napita njia ya nyuma, ile inayokata kwenye mashamba ya mahindi hadi kwenye uzio wa hospitali. Nilijifunika kanga mpaka kwenye macho. Nikiona mtu mbele naingia kwenye mahindi, nasubiri. Utacheka, lakini mara ya kwanza niliposimama ndani ya mahindi nikisubiri mama mmoja apite na ndoo yake, kidole gumba changu kilikuwa kinabonyeza tano hewani.

Wagonjwa wa TB tulikuwa na benchi letu nyuma ya jengo, chini ya bati, upepo wa baridi kutoka kwenye vilima vya juu unapiga. Julai ya Karatu unaijua, ukungu mpaka saa nne. Hapo ndipo nilipomkuta Koko. Ni bibi wa Kimasai wa kule juu Nainokanoka, alikuwa amefikia kwa mkwewe hapa mjini mpaka amalize sindano. Jina lake sikulijua kwa muda mrefu, nilimwita Koko, ndiyo bibi kwa kwao. Langu naye hakuliuliza.

"Takwenya," nikamsalimia.

"Iko," akaitikia kwa Kimasai, akageukia Kiswahili. "Umejifunga hivyo, wewe ni mwizi au ni bibi harusi?"

Nikacheka, kikohozi kikaja, naye akacheka, cha kwake kikaja. Tukakohoa wote wawili mpaka Sista akachungulia.

Akaiona simu. Akasogea, akaangalia yule mtu wangu amejibana ukutani.

"Iko nani huyo?"

"Anajificha, Koko. Yule mwenye kurunzi asimwone."

Akaangalia muda mrefu. "Huyo wa kurunzi ni mjinga. Anapita njia moja tu, kama ng'ombe anaenda majini. Ngoja amalize kunywa, atarudi mwenyewe. Bado. Bado. Sasa enda."

Nikaenda. Nikapita geti la pili, ambalo lilikuwa limenishinda siku nne. Mageti ndivyo nilivyoziita zile hatua, hapa kwetu kila kitu ni geti.

Kuanzia siku hiyo Koko alikuwa akifika ananishikia nafasi kwenye benchi kwa fimbo yake. Ilikuwa robo saa, siku nyingine nusu saa. Siku nzima sikuongea na mtu mwingine uso kwa uso.

Mwisho wa Julai Rehema alikuwa ameketi nje ya mlango wangu juu ya ndoo, anamenya viazi. Akauliza, "Mama, bado uko geti la kwanza?"

"Naanzia la kwanza. Jana nilifika la nne."

"Sasa kwa nini usiendelee na la tano?"

"Nikizima nikiwasha, naanza upya."

"Tangu Juni unaanza upya kila siku? Si inakuuliza kama u-save?"

"Inauliza. Nakataa."

"Unakataa kwa nini?"

"Rehema, mimi nimeokoka mwaka wa kipaimara changu, mara moja, inatosha. Siwezi kubonyeza simu ili iniokoe. Wala yule mtu siwezi kumwokoa, si kazi yangu."

Halafu nikasikia kisu kinaanguka. Mtoto alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nilipohamia chumba kile.

"Mama. Save hapo siyo kuokoka. Ni kutunza. Simu inatunza pale ulipofika, kesho unaendelea hapo hapo."

"Kutunza kama unga?"

"Kama unga."

"Basi wangeandika kutunza."

"Kawaambie walioandika," akasema, akaanza tena kucheka.

Unajua, masomo yetu ya jioni mwalimu alitufundishia mambo ya kanisani, ndiyo tuliyokuwa nayo. Neno hilo nililijua kwa maana moja tu. Wiki saba nilikuwa nazima simu nikijua kwamba kesho narudi geti la kwanza, na naona ndiyo haki.

Mchana ule nikabonyeza. Nikafika geti la tano, la sita. Ilipofika jioni nimelala nikaangalia dari, nikawaza kuwa dawa haina kitufe hicho. Mimi miezi mitano ile ya kwanza niliila yote, asubuhi kwa asubuhi, na nilipoacha haikutunzwa hata siku moja. Nilirudishwa nyuma ya pale nilipoanzia, na sindano juu yake.

Ungedhani mtu aliyewaza hivyo hataacha tena. Sikiliza.

Agosti mahindi yakavunwa. Mashamba ya njia yangu yakabaki mabua yamelazwa, unaona toka huku mpaka huko. Na pale njia inapoanzia, nyuma ya nyumba ya Mama Pendo, wanawake wa jumuiya yetu wakakaa kupukuchua. Mama Pendo ni kiongozi wa kwaya, yale magauni yaliyolala mezani kwangu yalikuwa yake na wenzake. Niliwachungulia dirishani. Walikuwa sita, wametandika turubai, wanapiga magunzi na kuimba. Nikasubiri waende. Mlinzi wa kwenye simu hugeuka. Mwanamke anayepukuchua mahindi hageuki, akiishiwa anamwagiwa mengine.

Sista anafunga dirisha saa sita. Saa sita ikapita.

Siku ya pili, hivyo hivyo. Ningeweza kupita barabara kubwa, mlango wa mbele, kama mtu. Nilisimama nyuma ya mlango nimejifunga kanga, mkono kwenye komeo, nikashindwa. Nikarudi kitandani. Niliwaza, siku mbili si kitu. Nakuandikia hili kwa aibu, maana ndivyo nilivyowaza mwaka uliopita.

Siku ya tatu nilikuwa sijavaa hata kanga. Zilikuwa zimebaki sindano tano. Nimekaa kitandani na simu, geti la nane, mtu wangu ananing'inia kwenye bomba, ndipo nikasikia fimbo inagonga ukuta wa jirani na sauti ya Koko. Anaongea kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya bonde, ndivyo wanavyoongea kwao.

"Nyinyi kina mama. Iko wapi nyumba ya yule mama ya sindano?"

Nyimbo zikakatika. Mama Pendo akauliza, "Mama gani, bibi?"

"Mwembamba. Mwenye TB kama mimi. Iko na simu, ndani iko mtu mweusi anajificha."

"Hapa hakuna mwenye TB."

"Iko. Anapita hapa kila siku. Iko binti anaitwa Rehema."

Nikasikia turubai linachakarisha, mtu amesimama. Mama Pendo akasema taratibu, "Mama Rehema yuko Marangu. Tangu Juni."

"Hapana. Jumanne alikuwa na mimi kwenye benchi."

Mimi nilikuwa nimejibana ukutani, kati ya kitanda na gunia, na chumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kuniona. Nilibana pumzi. Kikohozi kilipanda nikakimeza.

Koko akangoja. Halafu akasema, sasa kwa sauti ndogo kidogo, "Kama hapana Karatu na iko Marangu, basi amekufa. Siku mbili bila sindano, amekufa. Nakwenda kumwambia Sista afute jina."

Nikasikia fimbo inaondoka. Toka, toka, toka.

Rafiki, sikusikia sauti ya malaika. Niliwaza tu kalamu ya Sista inapita juu ya jina langu kwenye lile daftari kubwa, na Rehema anamenya viazi nje ya chumba ambacho hakina mtu. Nikafungua komeo.

Jua lilikuwa kali. Nilikuwa na gauni la kulalia na sweta ya Baba Rehema. Wanawake sita waliniangalia, mahindi mikononi.

Mama Pendo ndiye aliyesema. "Mama Rehema. Kumbe Marangu ni hapa."

"Ni hapa, Mama Pendo. Bwana asifiwe."

"Amina," akasema, kwa mazoea, na akarudi nyuma hatua moja.

Koko alikuwa ameshageuka. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Vaa viatu," akasema. "Njia kubwa iko mawe."

Tukapita njia kubwa. Sista alinichoma. Alipomaliza akachukua kalamu nyekundu, akaongeza siku zangu mbili mwisho wa karatasi. "Zingekuwa nyingi zaidi, nisingekuwa na pa kuziandika," akasema.

Baba Rehema alirudi Jumamosi, habari alizikuta stendi. Alisimama mlangoni kwangu kwa mara ya kwanza tangu Juni.

"Umenifanya mwongo mbele ya watu."

"Mwongo ulikuwa tangu Juni, Baba Rehema. Mimi nimefungua mlango tu."

Alikaa juu ya ile ndoo ya Rehema, akainamisha kichwa. Kazini hawakumwondoa. Walimwambia apime, akapima, akawa mzima. Lakini miezi yote ile alikuwa anaogopa peke yake kwenye gari lenye wageni saba, na mimi naogopa peke yangu kwenye chumba cha mahindi. Hilo tuliliongea baadaye sana.

Usidhani watu walinikimbilia na maua. Magauni ya kwaya walimtuma mtoto ayachukue, yakashonwa na fundi mwingine. Makohozi yangu yalipokuwa safi na Sista ameniruhusu kukaa na watu, nilirudi kanisani, na benchi langu likawa na nafasi kila upande. Siku ya Meza ya Bwana mzee wa kanisa aliinama akaniomba kwa heshima ninywe wa mwisho. Nikanywa wa mwisho. Nililia njiani. Wa mwisho au wa kwanza, divai ni ile ile, nilijiambia hivyo mara nyingi, siku nyingine nikaamini.

Koko alimaliza sindano siku tatu kabla yangu, akapanda kwao na vidonge vyake kwenye mfuko wa ngozi. Siku yake ya mwisho nikamuuliza jina. Akaniambia ni Nasieku. Nikamwambia langu ni Anaeli. Akasema ni jina zuri, kwa nini nilikuwa nalificha. Sijamwona tena. Kutoka Nainokanoka ni mbali na magari ni ya kuombea. Nililikosa lile benchi kuliko nilivyowahi kukosa sherehe yoyote.

Vidonge nilivimeza mvua za vuli zikaja, Krismasi ikapita, shule zikafunguliwa. Nilimeza nikiwa mnene. Nilimeza siku ambazo harufu yake tu ilinitapisha. Cherehani niliirudisha barazani na nikashona chochote, hata kufupisha suruali. Game nililimaliza Novemba. Yule mtu alitoka nje ya jengo, maandishi yakapita, ikaisha. Nilishangaa nilivyojisikia mpweke.

Februari, siku ya mwisho, Sista aliandika neno amepona, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Nilimpigia Baba Rehema, alikuwa Kreta, haikuita. Rehema alikuwa shuleni. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nikatoka nyuma, nikakaa kwenye benchi. Kwenye kona alikuwapo mama mmoja kijana, wa kijiji cha Qurus, kanga mpaka kwenye macho. Nikamwambia jina langu, nikamwambia leo nimemaliza. Akauliza, "Umepitia njia gani kuja?" Nikamwonyesha barabara kubwa. Tulikaa mpaka akaitwa.

Ni yeye aliyeniomba niandike. Rehema ameipeleka ikachapwa, zikatolewa nakala. Hii uliyoshika usiiweke kwenye Biblia ikalala humo. Ukimaliza, mpe mwingine leo hii. Kama hajui kusoma, msomee. Na kama amejifungia na hataki kufungua, vuta ndoo, kaa nje ya mlango wake, umsomee hapo hapo, kwa sauti ya kutosha, mpaka mwisho.